Salamu za Marehemu kwa Sululu

Mtu anayetaka kujua subira ya binadamu inaishia wapi, aje akae eda nyumbani kwangu chini ya ulinzi wa wifi yangu Kidawa. Mume wangu Taufiki alifariki kaskazi ilipoanza kuvuma, na tangu hapo mimi ni wa kukaa ndani miezi minne na siku kumi, kama dini inavyotaka. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na Kidawa, dada yake marehemu, aliyehamia kwangu na mkeka wake na mto wake ili ahakikishe eda inakalika. Dini imesema maneno machache tu, mengine kaongeza yeye. Nisichungulie dirishani. Nisicheke kwa sauti. Nisijitazame kwenye kioo, na kioo chenyewe alishakigeuzia ukutani siku ya kwanza. Juzi nilipiga chafya mfululizo akaniuliza nina furaha gani.

Hayo yote ningeyameza. Kinachoniunguza ni kwamba marehemu aliniachia salamu, na siwezi kuzifikisha.

Taufiki alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na wazimu mmoja tu, ndege. Mtalii mmoja alimletea suruali iliyoharibika zipu, akamtengenezea papo hapo, na yule mtalii kwa furaha zake akamwachia darubini. Basi, tokea siku ile nikawa nimeingia uke wenza na darubini. Kila mwaka, huko Ulaya kukianza baridi na huku kwetu jua likianza kuchoma, ndege wa mbali hushuka kisiwani kwetu Mafia kwa makundi. Kuna vitwitwi, wale wadogo wasiotulia, na kuna masululu, wakubwa kuliko hao, wenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Maji yakitoka hutawanyika pwani kutafuta kaa. Maji yakijaa hukosa pa kusimama, huruka juu ya mikoko na kuja kupumzika kwenye bwawa letu, lile lililochimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe na ambalo sasa ng'ombe wanalitumia kwa zamu na viboko.

Mwanzoni nilikuwa nikimfuata Taufiki bwawani ili tu nijue anakwenda kwa nani. Mwanamume anayeaga kwamba anakwenda kutazama ndege, ukimwamini moja kwa moja, una lako jambo. Nikamkuta kweli kakaa chini ya mkoko, matope hadi magotini, anatazama ndege. Akanipa darubini. Niliyemwona mle ndani ni sululu mmoja aliyevaa kikuku cha plastiki cha kijani mguuni. Taufiki akanieleza kwamba huko anakotoka kuna watu huwakamata, wakawavisha vile, wakawaachia, ili wajulikane wanakwenda wapi. Mwaka uliofuata akarudi, na kikuku chake. Na uliofuata tena. Taufiki akamwita Mteja, kwa sababu, alisema, katika wateja wake wote ni huyu peke yake anayekuja wakati aliosema atakuja. Tukawa kila kaskazi tunakwenda sote wawili kumtafuta, na atakayemwona kwanza ndiye anayechagua kitoweo cha usiku.

Mwaka huu Taufiki aliugua kabla ndege hawajashuka. Siku zake za mwisho, sauti yake ikiwa imebaki ndogo, aliniambia, "Shamsa, Mteja akija, mwambie Taufiki anakusalimu." Nikasema inshallah. Hakuongeza neno na mimi sikumwuliza. Kwetu salamu haziulizwi. Ukishazipokea umeshapokea amana, na amana inafika kwa mwenyewe au utaulizwa, kama si hapa basi mbele ya Mwenyezi Mungu. Mimi nilizipokea.

Sasa hesabu ni hii. Nitakapotoka eda masika yatakuwa yameanza, na Mteja atakuwa njiani kurudi kwao. Na ndege ni ndege, nani anaweza kuniahidi kwamba mwakani atakuwa hai? Mimi mwenyewe nani kaniahidi? Ilikuwa lazima iwe kaskazi hii.

Nikaanza na Kidawa, maana kila kitu katika nyumba hii sasa kinaanzia kwake.

"Wifi," nikamwambia, "nina haja ya kutoka mara moja, alasiri. Nitavaa buibui na ninja usoni, na wewe utanisindikiza."

"Haja gani? Unaumwa?"

"Siumwi. Nina salamu za marehemu, nataka kuzipeleka."

"Kwa nani?"

Nilipomwambia aliweka ungo chini. Mchele aliokuwa akiupeta ukamwagika kidogo, na kwa Kidawa kumwaga mchele ni jambo kubwa.

"Kwa ndege," akasema.

"Kwa sululu."

"Wifi, mjane hatoki eda kwenda kusalimiana na ndege. Nusu ya watu watasema umerukwa na akili, na nusu watasema una mtu wako huko kwenye mikoko. Na mimi ndiye nitakayeulizwa nilikuwa wapi." Akauchukua ungo wake. "Mpe Ukasha azipeleke. Ndugu yako hana kazi."

Ukasha ni mdogo wangu wa tumbo moja, mtu mwema kiasi cha kukera. Alikuja siku hiyo hiyo, nikamkabidhi darubini na kumweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu anayetumwa mjini kwa mara ya kwanza. Nikamwambia aende alasiri, wakati wa bamvua, maji yanapojaa kabisa. Akae chini ya mkoko, asikohoe, asiimbe, asipokee simu. Atazame miguu ya masululu mmoja mmoja mpaka amwone mwenye kikuku cha kijani. Akimwona, amwambie kwa sauti ya chini kwamba Taufiki anamsalimu, kisha aje zake.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada."

Hakwenda alasiri. Alasiri kulikuwa na mpira. Akaenda asubuhi, maji yametoka kabisa, na masululu wote wa Mafia wako pwani wanakula kaa. Akarudi kwangu anang'aa kwa furaha.

"Shikamoo dada. Nimezifikisha."

"Marahaba. Umemwona?"

"Nani?"

"Sululu, Ukasha! Mwenye kikuku!"

"Ah, sululu hawakuwapo. Walikuwapo yangeyange, wamejaa tele, wengine wako juu ya migongo ya ng'ombe. Nikaona haina neno. Ndege si wanajuana? Watafikishiana wenyewe. Basi nikasimama, nikawaambia assalamu alaykum jamia, marehemu Taufiki anawasalimuni nyote."

"Wakajibu nini?" Huyo alikuwa Kidawa, kutoka kwenye pembe yake, ambaye habari hizi hazikuwa zikimhusu.

"Waliruka," akasema Ukasha. Akafikiri kidogo, kwa sababu ni mtu mkweli. "Ila ng'ombe walibaki."

Nikajifunika kanga uso mzima. Kidawa akadhani nalia, akaniombea Mungu anipe subira, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwangu tukawa tunaomba kitu kimoja.

Ukasha aliondoka bila kujua kosa lake, na mpaka leo anaamini ile kazi aliimaliza. Ila binti yake, Furaha, aliisikia ile habari jioni akaja mbio. Furaha amemaliza kidato cha nne na sijawahi kuona mkono wake bila simu. Akaniambia, shangazi, kwa nini utumie mtu? Mimi nitakwenda bwawani alasiri kama ulivyosema, nitakupigia simu ya picha, wewe utamwona Mteja kwa macho yako na utampa salamu kwa mdomo wako. Nikamtazama nikaona, kumbe katika ukoo wetu kuna mtu ana akili. Kidawa akaitazama ile simu muda mrefu, akiitafutia sababu ya kuiharamisha. Hakuipata, akaishia kusema nisiiweke karibu sana na uso.

Siku ya pili, alasiri, simu ikalia. Nikaona paji la uso la Furaha.

"Shangazi, unaona?"

"Naona kipaji chako. Geuza simu."

Nikaona mbingu. Nikaona kiatu. Kisha, alhamdulillah, nikaona maji, na ng'ambo ya maji vidoa vya kijivu vimejipanga kwenye tope. Sikujua kama moyo wangu ungeweza kudunda vile kwa sababu ya vidoa. Walikuwa wao, wamekuja kweli, mwaka uleule ambao Taufiki hayupo wamekuja bila kuuliza.

"Sogea, mwanangu, polepole," nikasema. "Inama."

Akasogea. Picha ikaganda. Ikarudi, pua ya Furaha imejaa kioo kizima. Ikaganda tena. Iliporudi vile vidoa vilikuwa vimekuwa ndege, midomo naiona, miguu naiona, na mmoja kasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine kaukunja tumboni. Mguu aliosimamia haukuwa na kitu. Nikasema nisubiri, atabadilisha mguu, ndege yeyote hubadilisha mguu.

"Shangazi, sema sasa!" Furaha akapiga kelele. "Sema kwa nguvu, nimeweka spika!"

Wote wakaruka kwa pamoja. Na kana kwamba hiyo haitoshi, kiboko akainua kichwa katikati ya bwawa, Furaha akatoa ukelele mmoja, na kilichofuata ni majani yakipita upesi, pumzi za mtu anayekimbia, na mimi nikiwa ndani ya nyumba yangu natikiswa pamoja naye mpaka barabarani.

Hata hapo ningesamehe. Mtoto alijaribu. Lakini Furaha alikuwa anarekodi. Usiku huo akaiweka ile video kwenye stetasi yake, na juu yake akaandika kwamba shangazi yake anamtumia ndege salamu za marehemu, pamoja na vile vikatuni vinavyocheka mpaka vinatoka machozi. Alipofika asubuhi kuniomba radhi watu walikuwa wameshaiona mpaka Kilindoni, na Bwejuu, na mtu mmoja Dar es Salaam alikuwa ameshauliza kama ndege alijibu. Nilimwambia asinisemeshe. Akakaa mlangoni analia, na Kidawa akanikaripia kwa kumliza mtoto nikiwa edani.

Siku ile ile Kidawa akaenda sokoni kununua samaki. Alirudi mapema, kapu tupu, kilemba kimekaa upande. Nikajua kuna jambo. Kidawa hawezi kurudi bila samaki, hata bahari ikauke.

"Wamemcheka kaka yangu," akasema.

Nikampokea kapu.

"Yule muuza pweza, ambaye Taufiki kamshonea kanzu za Idi miaka yote, ananiambia mbele ya watu, bi Kidawa, na sisi tuna salamu zetu kwa kunguru, mtatupelekea lini? Na wengine wanacheka. Mtu hajakauka kaburini wanamcheka." Akavua kilemba, akakifunga upya. Nilijiandaa, maana nilijua sasa yanakuja ya kwangu. Nikatafuta maneno ya kujitetea, na nilikuwa nayo mengi, nilikuwa nimeyaweka akiba tangu siku ya kioo.

"Kesho bado ni bamvua," akasema. "Maji yatajaa alasiri. Utakwenda."

"Nitakwenda wapi?"

"Bwawani, wifi, au ulitaka kwenda wapi? Kaka yangu katoa salamu. Kama kampa mfalme, kama kampa kunguru, salamu ni salamu. Sitaki ziendelee kutembea mitaani kila mtu anazishika. Nenda kazifikishe mwenyewe, ziishe."

"Na eda?"

"Una haja. Mjane mwenye haja anatoka mchana akarudi. Sheikh yeyote atakwambia hivyo."

Nikamtazama. "Wiki zote hizi, wifi, ulikuwa unalijua hilo?"

"Nilikuwa nalijua," akasema Kidawa bila hata kupepesa macho, "ila ulikuwa hujawa na haja."

Kuna majibu ambayo ukiyatoa huwezi tena kukaa nyumba moja na mtu. Na ilibaki taabu nyingine. Kila alasiri wanawake huja kukaa nami kunifariji, na wakija wakakosa mjane, hadithi ya mwanamume wa kwenye mikoko itakuwa imekamilika. Kidawa alikuwa ameshalifikiria. Atakaa yeye kwenye mkeka wangu, kajifunika kanga zangu kichwa mpaka miguu, na Furaha atakaa mlangoni kuwaambia wageni kwamba shangazi leo kazidiwa na huzuni, hasemi. Nikasema wataona. Akasema hakuna anayemtazama mjane, watu hutazama chai.

Kesho yake nikatoka kwa mlango wa uani, nimejifunika yanaonekana macho tu, darubini ndani ya buibui. Nikakatisha kwenye minazi. Jua lilikuwa kali na upepo ulinivuta nguo kila upande, na mimi niliyekaa ndani muda wote ule nikawa nahema kila nikipanda kidogo. Nilimlaani Ukasha kwa ng'ombe wake, nikamlaani Furaha, nikamlaani muuza pweza. Nilipofika nikakaa mahali petu, chini ya mkoko, matope yakanipanda mpaka magotini. Bwawa lilikuwa tupu. Nikawa nasikia bahari nyuma ya mikoko inavyojaa.

Kisha wakaja. Kwanza vitwitwi, halafu masululu, wanapita juu ya mikoko wakipiga ile miluzi yao mifupi. Wakashuka ng'ambo wakakunja mabawa. Nikatoa darubini, nikaanza miguu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mikono ikaniuma. Na alikuwapo. Alikuwa kasimama pembeni, mbali kidogo na wenzake, anajichana manyoya ya kifuani kwa ule mdomo wake mrefu, na kikuku cha kijani kimefifia lakini kipo mguuni.

Nikafungua ninja. Nikasema, "Assalamu alaykum."

Hakuruka. Akainua kichwa, akatazama upande wangu, akarudi kwenye manyoya yake. Palibaki maneno mawili tu. Nilikuwa nimeyabeba tangu kitandani kwa Taufiki, nimeyagombania na Kidawa, nimechekwa kwa ajili yake na kisiwa kizima. Yakakataa kutoka.

Mwanzo nilidhani ni kilio. Hakikuwa kilio. Ilikuwa hofu. Nguo za Taufiki tulishazigawa. Cherehani ameichukua mpwa wake, kwa haki yake, sina neno. Madawa yametupwa, hitima imesomwa, kila kitu alichoacha kimeshafanyiwa yake. Kilichobaki ni hiki tu, kazi moja aliyonituma mimi, jina langu kalitaja. Nikiitoa hapa, nitarudi nyumbani nikiwa sina lolote la kumfanyia Taufiki. Nikamkasirikia sana. Nikamwambia, kwa nini hukuacha nyingi? Ungeniachia salamu za kila ndege, za vitwitwi, za viboko, ningepeleka mpaka nizeeke. Umeniachia moja, tena umeifanya iwe rahisi kiasi hiki, kasimama hapo, hata haruki.

Nikakaa pale mpaka maji yakaanza kutoka. Mteja akanyoosha bawa moja, akanyoosha la pili, akaondoka na wenzake kwenda pwani. Sikumwambia kitu.

Nilipoingia kwa mlango wa uani wageni walikuwa wameshaondoka na Furaha alikuwa anaosha vikombe. Kidawa yuko kwenye mkeka wangu, kajifunika bado. Aliposikia mimi akaifunua kanga usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Na kikuku?"

"Anacho."

"Alhamdulillah. Umezifikisha."

"Hapana."

"Hapana?" Nadhani majirani walisikia. "Nimekaa hapa alasiri nzima nachemka ndani ya kanga zako! Bi mmoja kanishika mkono kaniombea dua mume wangu alazwe pema, mimi ambaye mume wangu yuko Jibondo anachonga boti, mzima wa afya! Nimeitikia amin, wifi! Nimemwitikia amin mume wangu aliye hai! Na wewe umemwona ndege, ana kikuku, kakaa, na hukusema?"

"Nikizitoa," nikamwambia, "Taufiki hana tena alichonituma."

Nilikuwa tayari kwa lolote. Kidawa akajifuta jasho kwa pembe ya kanga. Akanitazama matope yangu. Kisha akaivuta ile kanga, akaishusha tena usoni, akabaki pale pale kwenye mkeka wangu. Chini yake nikasikia anaanza kumlilia kaka yake, taratibu kwanza, halafu kwa sauti ambayo yeye mwenyewe alikuwa amenikataza.

Hodi ikapigwa. Furaha akanitazama, mimi nikaenda nyuma ya mlango, nikawaambia warudi kesho, mfiwa leo hajiwezi. Kisha nikarudi nikakaa kando yake.